Kama Yeye Ni Mkali Hivyo, Anafanya Nini Kwenye Mechi Yangu?

Dakika ya 38. Tumewaangusha watatu kwa mpigo, wawili waliobaki wamekimbilia kwao, na njia ya kati iko wazi mpaka mlangoni. Anayecheza Dota 2, gemu ya mtandaoni ya timu mbili za watu watano watano zinazovunjiana ngome, anaijua dakika hiyo. Ama mnaingia mkamalize, ama mnarudi shimoni kumuua Roshan, lile dubwana la shimoni, mchukue ngao yake, Aegis, ndipo mwingie mkiwa na roho ya akiba. Lolote kati ya hayo mawili lingetupa mechi. Sisi tulisimama.

Tulisimama kwa sababu mchezaji wetu bora, mwenye dhahabu nyingi kuliko wote kumi, alikuwa anaandika. Alikuwa anamwandikia sapoti wetu, yaani mchezaji wa kusaidia wengine, aliyekufa kwenye pambano lile, maneno nisiyoweza kuyaweka hapa. Shujaa wake alisimama wima katikati ya mto, hatikisiki, huku mistari ya matusi ikipanda kwenye kioo mmoja baada ya mwingine. Sapoti hakujibu. Mmoja wetu akawa anabonyeza alama kwenye ramani, ting, ting, ting, kuonyesha mlango wa adui. Mistari ikaendelea. Wale watatu wakafufuka, wakatoka, na dakika 11 baadaye tulikuwa tunaangalia ngome yetu ikianguka.

Nimeshindwa mechi nyingi mbaya kuliko hiyo. Hii imenikaa moyoni kwa sababu huyo aliyekuwa anaandika nilimleta mimi, na nafasi aliyokalia niliifungua mimi kwa kumwondoa mtu mwingine.

Tulikuwa watano tuliofahamiana humo humo mchezoni, sauti tu na majina ya kubuni, tunaingia usiku wenzetu wakilala. Wa tano wetu nitamwita Mkuu, kwa sababu ndivyo alivyomwita kila mtu. Akifungua tu maiki: "Habari zenu, wakuu." Mechi ikianza aliwasalimia hata wapinzani. Mkuu hakuwa na mikono. Nalisema hili bila kumvunjia heshima, maana mwenyewe alikuwa analisema. Alichelewa kubonyeza. Mashujaa wenye vitufe vingi walimchanganya, kwa hiyo alicheza watatu tu, wote wa kusaidia wengine. Alikufa mapema, mara nyingine akafia pale pale ulipomwambia asiende, na akifa alisema maneno mawili: "Yangu hiyo." Yaani kosa ni langu, tusonge.

Kisha tukakutana na mtu niliyemwona akicheza kwa namna ambayo sikuwahi kuiona kwa karibu. Nitamwita Mkali. Usinielewe vibaya, sifa yake ilikuwa ya kweli. Kila askari mdogo aliyekuwa anakufa njiani, pigo la mwisho lilikuwa lake, na dhahabu ikaingia kwake. Alijua kwa sekunde lini adui atakuwa na uwezo wake mkubwa tayari. Alitoka kwenye mapambano akiwa na uhai kiduchu ambao wewe usingethubutu kubaki nao uwanjani. Mechi ile alitubeba wote wanne. Alitukana pia, lakini nikajiambia ni hasira za ushindani, wakali wote wako hivyo.

Nikamwandikia Mkuu mistari miwili: tumeamua kupanda daraja, tutakuita siku tunazocheza kwa kujifurahisha tu. Akajibu, "Sawa mkuu, kila la heri." Hatukumwita.

Wiki mbili za mwanzo tulishinda kweli. Nisiseme uongo hapa ili hoja yangu ipendeze. Tulishinda, tukapanda, na nikaona nimefanya uamuzi wa kiume. Kilichobadilika hakikuonekana kwenye ubao wa matokeo. Kilisikika, na kilisikika kwa kutosikika: maiki zilianza kunyamaza.

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu nadhani ndipo watu wengi hawaangalii. Gemu ya watu watano ni gemu ya habari. Ramani ina giza. Unachokiona ni kile tu kilicho karibu na wewe, na wenzako, na yale "macho" ambayo sapoti anayapanda ardhini ili giza lipungue. Kila mmoja ana kipande chake cha ukweli. Wa njia ya juu anajua adui wake katoweka tangu sekunde kumi zilizopita. Wa kati kasikia kitu. Sapoti kaona kivuli kikipita kichakani, hana uhakika. Uzuri wa timu ni kwamba vipande hivyo vinasemwa kwa sauti, hata vile visivyo na uhakika, hata vya kijinga. "Sijui, lakini nahisi wako Roshan." Sentensi kama hiyo imeniokoa mara nyingi kuliko ustadi wowote wa vidole.

Sasa mweke Mkali humo. Mara ya kwanza mtu anasema "nahisi wako Roshan", mnaenda, hawapo. Mkali anamwambia afunge mdomo kama hajui kitu. Mara ya pili mtu huyo anahisi tena, na safari hii wako kweli, lakini hasemi. Ananyamaza nusu sekunde akipima: nikikosea nitaambiwa nini? Nusu sekunde hiyo ndiyo gharama. Hakuna takwimu ya mwisho wa mechi inayoionyesha. Utaona umeua wangapi, umekufa mara ngapi, umeleta madhara kiasi gani kwa adui. Hutaona popote safu iliyoandikwa "mambo ambayo wenzako waliyaona wakaogopa kuyasema." Mkali anatoka na namba nzuri kuliko wote, anapiga picha kioo na kusema angalieni nilichofanya, tatizo ni ninyi. Na kwa ubao ule, yuko sahihi.

Swali lililonifungua macho lilikuja usiku mmoja nikiwa naangalia wasifu wake. Alikuwa amecheza maelfu ya mechi. Daraja lake lilikuwa sawa na langu. Nikajiuliza: kama huyu mtu ni mkali hivi, anafanya nini kwenye mechi yangu?

Mifumo ya kupanga madaraja ina asili moja ya zamani. Arpad Elo, profesa wa fizikia mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Marekani, alitengeneza hesabu ya kupima wachezaji wa sataranji, na shirikisho la dunia la sataranji, FIDE, likaanza kuitumia mwaka 1970. Wazo lake ni rahisi. Wawili wenye pointi sawa, kila mmoja anatarajiwa kupata nusu. Ukimzidi mwenzako pointi 200, unatarajiwa kupata karibu asilimia 76. Ukishinda zaidi ya ulivyotarajiwa unapanda, ukishinda pungufu unashuka, mpaka utulie mahali pako. Magemu ya mtandaoni yameongeza mengi juu ya hesabu hiyo, lakini uti wa mgongo ni ule ule: kwa sehemu kubwa mfumo hauulizi umecheza vizuri kiasi gani. Unauliza timu yako imeshinda au imeshindwa.

Fikiria maana yake. Ukicheza mechi elfu na watu usiowajua, kitu pekee kilichokuwepo kwenye zote ni wewe. Si vidole vyako tu. Wewe mzima: unavyolenga, unavyonunua vifaa, unavyochagua shujaa, na unavyoongea na watu wanne ambao matokeo yako yako mikononi mwao. Yote hayo yamepikwa chungu kimoja, na daraja ndilo lililopakuliwa. Mkali alikuwa na mikono ya watu walionizidi madaraja mawili. Lakini alikaa nilipokaa mimi. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kinachomvuta chini kwa nguvu ile ile ambayo mikono yake ilikuwa inamvuta juu, na kila mtu aliyewahi kumsikia kwenye maiki alijua ni nini.

Nikafungua wasifu wa Mkuu. Vidole vya madaraja mawili chini yangu. Daraja lake, alilolipata akicheza peke yake na wageni, lilikuwa chini ya langu kwa hatua moja ndogo. Kulikuwa na kitu kinachomvuta juu.

Nilikaa na namba zile mbili muda mrefu. Nilikuwa nimefikiri nabadilisha udhaifu kwa uwezo. Kumbe nilichokuwa naita uwezo ni ile sehemu ya uwezo inayoonekana kwenye kioo, na nilichokuwa naita udhaifu ni hivyo hivyo.

Najua hoja hii ina mipaka. Kuna mtu mwenye akaunti ya pili anayecheza chini ya kiwango chake, huyo kweli ni bora kuliko mechi aliyomo. Kuna akaunti mpya ambazo mfumo haujazijua. Kuna anayebebwa na rafiki zake mpaka mahali asipostahili, akaja kuteseka peke yake. Na mkiwa kundi la watano mliochaguana wenyewe, mnaweza kweli kuwa na pengo kubwa la uwezo kati yenu. Lakini kwenye foleni ya kawaida, ukikutana na mtu anayewaambia wote kuwa anastahili kuwa juu sana kuliko hapo, mfumo umeshamjibu, na umemjibu kwa mechi elfu.

Kuna hesabu nyingine ndogo ninayoipenda. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mgeni mmoja kati ya kumi ataharibu hali ya hewa. Timu yako ina wageni wanne, ya adui ina watano. Uwezekano wa ninyi kupata angalau mmoja ni karibu asilimia 34. Wao ni karibu asilimia 41. Tofauti hiyo ni yako bure, kila mechi, maisha yako yote ya kucheza, kwa sharti moja tu: usiwe wewe.

Na sharti hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Riot Games, watengenezaji wa League of Legends, gemu inayofanana na Dota, walijenga kikosi kizima cha kushughulikia tabia za wachezaji. Kuanzia 2011 waliendesha Tribunal, baraza ambamo wachezaji wenyewe walisoma mazungumzo ya wenzao na kupiga kura mtu aadhibiwe au la. Walichokigundua hakikuwa kile walichotarajia wengi. Wale walioharibika kabisa, wanaotukana mechi baada ya mechi, ni wachache, na hata ukiwafuta wote matusi hayaishi. Sehemu kubwa ya matusi inatoka kwa watu wa kawaida walioamka vibaya siku hiyo. Kisha wakajaribu kitu kidogo sana: walizima kwa chaguo-msingi mazungumzo kati ya timu mbili pinzani, anayetaka ayawashe mwenyewe. Mazungumzo mabaya yalipungua kwa karibu theluthi moja, mazuri yakaongezeka kwa kiasi kama hicho, na watu hawakuacha kuongea.

Nilipoisoma habari hiyo nilirudi kuangalia rekodi za mechi zangu mwenyewe, na nilijikuta humo. Si kila mechi. Lakini kuna usiku ambao mimi ndiye niliyekuwa yule mmoja kati ya kumi wa mtu fulani. Nilimwandikia mgeni mmoja, aliyekuwa anacheza shujaa yule kwa mara yake ya tatu, neno ambalo nisingemwambia mtu niliyesimama naye uso kwa uso. Sitamwona tena kumwomba radhi. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema wazee, na kidole angalau kinauma aliyejikwaa.

Utetezi ninaousikia sana ni kwamba ukali wa mdomo na ukali wa mikono ni kitu kimoja: ukimnyamazisha, makali yanaisha. Sikubali, na kuna mtu aliyelijibu hilo mbele ya dunia nzima. Desemba 2012 Riot ilimfungia Christian Rivera, aliyejulikana kama IWillDominate na aliyekuwa anachezea timu ya Team Dignitas, asishiriki mashindano kwa mwaka mzima kwa sababu ya namna alivyowatendea wachezaji wenzake, baada ya adhabu za awali kutosaidia. Alikuwa mchezaji wa kulipwa, hakuna aliyekuwa anabishana juu ya uwezo wake. Akarudi, akacheza ngazi ya juu kwa miaka kadhaa, kwenye timu ya Curse na baadaye Team Liquid. Mikono ilibaki mikono. Kilichoondoka hakikuwa sehemu ya mikono hiyo.

Upande wa pili kuna OG, timu ya kulipwa ya Dota, na sina budi kuwataja kwa sababu mimi ni mtu wa Dota. Mei 2018, miezi mitatu kabla ya mashindano makubwa ya Dota, The International, wachezaji wawili, Fly na s4, waliondoka kwenda timu ya Evil Geniuses. Waliobaki walimpandisha Ceb kutoka ukocha, wakamrudisha mchezaji aitwaye "ana" aliyekuwa mapumzikoni, wakamchukua Topson, kijana ambaye jukwaa la ukubwa ule lilikuwa geni kwake. Walianzia kwenye mchujo wa wazi, ule ambao timu yoyote inaweza kujiandikisha. Agosti walikuwa Vancouver, wakawashinda njiani hao hao Evil Geniuses, na fainali wakaifunga timu ya PSG.LGD 3 kwa 2. Mwaka 2019 wakarudia Shanghai dhidi ya Team Liquid, wakawa wa kwanza kulichukua kombe hilo mara mbili. N0tail, nahodha wao, amezungumza mara nyingi juu ya kuaminiana ndani ya timu. Sidai kwamba walikuwa dhaifu lakini wapole. Walikuwa wachezaji wa kutisha. Ninachosema ni kwamba ukiwaangalia, Topson anaingia mahali pa hatari ambapo mtu anayeogopa kulaumiwa asingethubutu kuingia. Uthubutu ule unahitaji wenzako wanne ambao ukifa watasema sawa, twende.

Sasa niseme neno juu ya wapole pia, maana si wote ni Mkuu. Tumewahi kuwa na mtu mcheshi, anapendwa na kila mmoja, ambaye alikuwa anarudia kosa lile lile miezi sita. Ukimwambia, anacheka. Ukimtumia rekodi ya mechi, haifungui. Kwake gemu ilikuwa kijiwe, na hilo si dhambi, lakini sisi wanne tulikuwa tumekuja kushindana, na muda wetu ulikuwa unaliwa kwa tabasamu. Yule naye hakuwa anatujali, kwa namna yake laini. Upole wa Mkuu ulikuwa wa aina nyingine. Ukimwambia asisimame peke yake juu ya kilima wakati maadui wawili hawaonekani, mechi inayofuata alisimama nyuma ya kilima. Alikuwa anachelewa kujifunza, lakini alikuwa anajifunza, na aliuliza bila aibu.

Vile vile kusema ukweli mgumu si sumu. Mmoja wa wale watano wetu wa awali ana maneno makavu kama fimbo. "Umekufa mara nne mahali pamoja. Hama." Haongezi kitu. Hajawahi kutuchosha, kwa sababu sentensi yake inazungumzia mahali, inazungumzia sekunde ijayo, na ukiisikia unajua la kufanya. Mkali alikuwa anazungumzia mimi ni mtu wa namna gani. Hilo katikati ya mechi hakuna kitufe cha kulirekebisha.

Mkali hatukumfukuza. Usiku ule wa dakika ya 38 sapoti wetu alitoka bila kuaga, akakaa siku nne bila kuingia. Mkali mwenyewe akapata kundi lingine, akatuachia ujumbe kwamba tumemchelewesha. Nilipoangalia mara ya mwisho daraja lake lilikuwa pale pale.

Ilinichukua miezi saba kumwandikia Mkuu. Niliandika nikafuta, nikaandika tena. Mwishowe nilimwambia nilikosea kumwondoa kwa mistari miwili, na kwamba ahadi ya kumwita sikuitimiza. Hakujibu siku hiyo. Kesho yake alijibu kwamba iliuma, alikuwa ameacha kucheza na watu anaowajua kwa sababu alidhani anawapunguzia raha. Kisha akauliza tunaingia saa ngapi.

Mechi ya kwanza tuliyocheza naye tena, maiki zote tano zilikuwa wazi. Alitusalimia, akawasalimia wapinzani. Dakika ya nne akafa, mahali ambapo hata mimi nisiye mjuzi ningejua si pa kwenda. Nikasikia pumzi yake kwenye maiki.

"Yangu hiyo, wakuu," akasema. "Lakini nimeona kitu kabla sijafa, sina uhakika. Wa kati hayupo kwake. Mkuu wa chini, angalia nyuma yako."

Wa chini nilikuwa mimi. Nikageuka.